Shajara ya albamu ya jazi na nyuzi, Lamu

Oktoba: nyimbo, na nani mwenye nazo

Albamu itakuwa na nyimbo nane, zote kutoka akiba ya nyimbo kongwe za Marekani ambazo kila mwanajazi anatarajiwa azijue bila karatasi. Sauti ni moja, ya kike, ya chini. Nyuma yake pana gitaa, besi ya kusimama na dramu za brashi, kisha kundi la nyuzi: fidla nne, viola mbili, selo mbili. Klarineti na kanuni, ile ala ya Kiarabu ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, zinakamilisha safu. Piano haimo. Hewa ya chumvi hula nyuzi na vigingi vya piano ya mbao, na hata ikipatikana iliyo nzima itagombania na viola na selo nafasi ileile ya katikati. Gitaa lina nyuzi sita tu na sauti yake hufa haraka, na hilo ndilo tunalolitaka.

Anayesikia neno okestra hufikiri watu hamsini. Kielelezo chetu ni kidogo zaidi. Charlie Parker alipoanza kurekodi na nyuzi, Novemba 1949, alikuwa na fidla tatu, viola moja, selo moja, kinubi na obo, pamoja na piano, besi na dramu. Nyuzi tano, basi. Upana unaosikika mle unatokana na namna sauti zilivyotandazwa, wala si wingi wa viti. Hapa kanuni inakaa kwenye kiti cha kinubi na klarineti inashika cha obo.

Haki zilishughulikiwa kabla ya noti yoyote kuandikwa. Kenya hulinda wimbo kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, Ulaya kwa miaka 70. Marekani, kwa nyimbo za zamani kama hizi, huhesabu tangu wimbo ulipochapishwa, na kufikia 2025 zilizochapishwa kabla ya 1930 zilikuwa zimeshakuwa huru huko. Kwa hiyo wimbo mmoja waweza kuwa wazi upande mmoja wa bahari na kufungwa upande wa pili. "What Is This Thing Called Love?" ni wa Cole Porter, maneno na tuni, wa 1929. Porter alifariki 1964, kwa hiyo Kenya uko huru tangu 2015, Marekani tangu 2025, na Ulaya utabaki umefungwa hadi mwisho wa 2034. "Blue Skies" wa Irving Berlin, wa 1926, uko kinyume chake: Marekani huru, lakini Berlin aliishi hadi 1989, na hapa kwetu mlango hautafunguka mpaka 2039 iishe. "The Man I Love" umegawanyika katikati, kwa kuwa George Gershwin wa tuni alifariki 1937 na Ira wa maneno 1983.

Albamu ikishawekwa kwenye intaneti, nchi yenye masharti magumu ndiyo inayotawala. Uamuzi: leseni ya kurekodi upya italipiwa kwa nyimbo zote, na hakuna maneno yatakayotafsiriwa, kwa sababu tafsiri ni kazi mpya inayohitaji idhini ya mwenye wimbo, na leseni ya kawaida haiijumuishi. Kiswahili kitaingia kwa mlango mwingine. Nyimbo tatu zitatanguliwa na mawali, beti za kwetu zinazoimbwa bila mdundo. Kila mawali yanasajiliwa kama kipande kinachojitegemea, chenye jina na mtunzi wake, ingawa msikilizaji hatasikia mahali pa kukatika.

Novemba: funguo

Ufunguo huchaguliwa na vitu viwili vinavyovutana: koo la mwimbaji na waya mtupu wa fidla, yaani usiobanwa na kidole.

Koo kwanza. Mwimbaji wetu ana sauti nzito kuanzia F iliyo chini ya C ya kati hadi B flati (B iliyoshushwa nusu toni) iliyo juu yake. Akipita hapo sauti hubadilika rangi. Katika kila wimbo tunatafuta noti ya juu inayoshikiliwa kwa muda mrefu (noti ya kupita haina neno) na kuiweka nusu toni mbili chini ya mpaka huo. Ufunguo unaoandikwa katika vitabu vya wapiga saksofoni haumhusu.

Kisha waya. Fidla ina G, D, A na E. Funguo zenye noti hizo hung'aa, kwa kuwa waya mtupu huitikia hata usipoguswa. Funguo za flati nyingi ambazo jazi inazipenda ni nzito na zenye kiza, na vidole hukosa pa kujipimia. Si kwamba kiza ni kibaya. "Body and Soul" wa 1930 umejengwa juu yake. Kwa kawaida huchezwa D flati, na sehemu ya kati hupanda nusu toni hadi D, ndipo waya zote hufunguka kwa ghafla. Ukiushusha hadi C ili kumpunguzia mwimbaji, sehemu ya kati inaangukia D flati, na mwanga unageuka giza pale hasa ulipotakiwa. Mwimbaji wetu angestarehe katika G, lakini tumeuweka A flati ili sehemu ya kati iwe A. Nusu toni moja ya jasho, na inalipa.

"What Is This Thing Called Love?" umekaa G. Sababu yake inahitaji maelezo marefu kidogo, na yanafuata.

Novemba, mwishoni: karatasi za nyuzi

Wapiga fidla wetu wamelelewa katika taarabu. Hilo lina faida kubwa na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni utegaji. Fidla ya mtindo wa Kiarabu hutegwa G-D-G-D. Karatasi za mradi huu zinataka G-D-A-E, maana yake nyuzi mbili za juu zipande toni nzima. Waya uliozoea D ukivutwa hadi E hukatika, au unateleza usiku kucha. Waya mpya mbili kwa kila fidla, zifungwe siku mbili kabla ya kurekodi, zitegwe asubuhi na jioni. Daraja la fidla nalo liangaliwe kila baada ya kutega, kwa sababu mvuto unapoongezeka hulalia upande wa shingo, na likianguka kwa kishindo linaweza kupasua ubao.

Wa pili ni sauti moja. Katika taarabu fidla zote hupiga tuni ileile kwa pamoja, na uzuri unakuja kwa mapambo. Hapa kila fidla ina noti yake, na noti ya fidla ya tatu ikisikika peke yake haina maana yoyote. Mpigaji asiyejua kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) anayoikalia huivuta noti yake ielekee tuni anayoisikia. Dawa yetu ni kuandika juu ya kila noti ndefu namba ya nafasi yake katika kodi: 3, 7, 9. Mwenye 3 anajua asiipandishe, mwenye 9 anajua anamsugua jirani kwa makusudi. Mazoezi ya kwanza yanafanywa kwa noti ndefu tupu, bila mdundo, mpaka kodi itulie.

Wa tatu ni mtelezo wa kidole kati ya noti. Mmoja akiteleza ni utamu, wanne wakiteleza kwa mwendo tofauti ni ulevi. Mtelezo umeandikwa mahali unapotakiwa, kwa fidla ya kwanza tu.

Faida ni kwamba wapigaji hawa wanajua kumjibu mwimbaji. Anapomaliza mshororo, wanaingia, anapofungua mdomo wanapisha. Waandishi wengi wa nyuzi za jazi huhitaji miaka kujifunza adabu hiyo. Sheria tuliyoiandika juu ya kila ukurasa ni hii: sauti ikitembea, nyuzi zisimame, sauti ikisimama, nyuzi zitembee. Tuni ya mwimbaji hairudiwi na fidla popote, isipokuwa baa (vipande vya mdundo) nne za mwisho za albamu.

Kuhusu kutandaza: mzizi wa kodi ni wa besi peke yake. Nyuzi zinachukua sauti nne juu yake, na ile ya pili kutoka juu inashushwa oktavu moja ili pawe na hewa katikati. Hatua ya tatu haiandikwi chini ya E iliyo kwenye waya wa D wa selo, kwa kuwa chini ya hapo noti mbili zilizo karibu hugeuka ngurumo. Na kosa linalorudi katika rasimu nyingi ni kodi ya meja saba wakati mwimbaji ameshika mzizi. Akiwa kwenye C, B ya fidla chini yake inamuuma, naye bila kujua anashuka. Iandike A badala ya B, kodi iwe ya sita, na uchungu unaondoka.

Sasa ule wimbo wa G. Una baa 32, na sehemu yake ya kwanza ya baa nane imegawanyika mara mbili. Nusu ya kwanza inaelekea C maina kupitia G saba, nusu ya pili inarudi nyumbani G meja kupitia D saba. Tisa ikishushwa katika kodi hizo mbili, unapata hijazi, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu, ya G, kisha hijazi ya D. Na D ndiyo nyumba ya asili ya hijazi kwa mpiga kanuni yeyote. Mikono inajua njia.

Lakini kanuni haiwezi kuchukua nusu zote mbili. Kutoka hijazi ya G kwenda hijazi ya D, noti tatu hubadilika katika kila oktavu: A flati inakuwa A, B inakuwa B flati, F inakuwa F kali (F iliyopandishwa nusu toni). Kila badiliko ni vijiti vya chuma vinavyoinuliwa au kulazwa kwa mkono wa kushoto, na kwa mwendo wa midundo 132 kwa dakika baa moja haifiki sekunde mbili. Kwa hiyo klarineti imepewa hijazi ya G, kanuni ya D, nayo inanyamaza kabla G meja haijafika, maana hapo B na E za kawaida zinarudi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili limezua ubishi mwingi kuliko yote. E flati ya hijazi halisi hukaa juu kidogo, na F kali yake chini kidogo, ili pengo kati yao lisiwe pana mno. Gitaa lenye vituo haliwezi hivyo. Ama kanuni ifuate gitaa, ama gitaa lipishe. Tumeamua gitaa lipishe: katika baa hizo linanyamaza, na viola zimeondolewa F kali na E flati zote, zimebaki D, A na C. Hijazi inabaki hijazi, na anayetaka jazi anaisikia kwenye besi.

Desemba: nyumba

Kaskazi imeingia. Hewa ni kavu kuliko wakati wa kusi, nyuzi za upinde hazilegei sana.

Kazi inafanyika katika nyumba ya mawe ya zamani mjini Amu, yaani Lamu. Mtu wa sauti anayeiona mara ya kwanza hufurahia ukuta mnene usiopitisha kelele, kisha anapima upana na kununa. Dari la nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Chumba chetu cha msana kina mita 2.8 kwa upana na urefu mara nne ya huo. Ni ukumbi mwembamba wenye kuta za chokaa ngumu zinazotazamana. Piga kofi moja uone linavyorudi mara kumi.

Upana huo una noti yake. Kwa joto la digrii 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawa kwa mara mbili ya upana, yaani 5.6, unapata hezi 62, ambayo ni B ya chini ya besi karibu kabisa. Na wimbo wa G una B kila kona. Noti hiyo moja ilivuma kama ngoma huku jirani zake zikinong'ona.

Magodoro hayatibu hilo. Godoro la sufi la sentimita 15 linameza vizuri sauti za hezi mia kadhaa kwenda juu, lakini hezi 62 zina wimbi la zaidi ya mita tano na zinalipita kana kwamba halipo. Dawa ni mahali pa kusimama. Katikati kabisa ya upana, mvumo wa 62 hufa, lakini wa pili, wa 124, ndipo unapokuwa na nguvu zote, na huo ni B nyingine, oktavu moja juu. Theluthi ya upana, sentimita 93 kutoka ukutani, mivumo yote miwili hupungua kwa nusu. Besi imewekwa hapo, na mikrofoni yake, sentimita 20 kutoka tundu la ubao, ipo kwenye mstari uohuo.

Magodoro yenyewe yamekwenda kwenye kazi inayoyafaa: manne yamesimamishwa kwenye ukuta mmoja mrefu, upande mmoja tu, na mwangwi wa kofi umekatika. Mikeka sakafuni. Mwimbaji yuko ndani, chumba cha mwisho, mbele ya ukuta wa zidaka. Vishubaka vile vya plasta vyenye ukubwa na kina tofauti hutawanya sauti vizuri kuliko povu lolote la dukani, basi havikufunikwa. Kundi la nyuzi liko kiwandani, ua wa wazi, na turubai limetandwa juu kwa mteremko. Likitandwa sawasawa na sakafu, mwangwi hupanda na kushuka papo hapo.

Januari: kurekodi

Saa za kazi ni baada ya isha, kuanzia saa mbili u nusu hadi saa saba usiku. Mchana haufai: adhana, mashini za boti, watoto, mafundi. Punda hana ratiba. Akilia katikati ya wimbo, kipande kile kinarudiwa, hakuna programu inayomfuta. Feni zote zinazimwa, na kwa sababu hiyo vipindi ni vya dakika arobaini, kisha mapumziko. Mkono wenye jasho huteleza kwenye shingo ya fidla, na poda si dawa, hugeuka uji. Taulo kavu kwa kila kiti.

Mikrofoni za kondensa hulalia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika. Unyevu ukiingia kwenye kapsuli utasikia mkwaruzo kama mafuta yanayokaanga. Zitoe nusu saa kabla, zipate joto la chumba ndipo ziwashwe.

Tunarekodi biti 24, kilohezi 48. Njia moja (rekodi ya mikrofoni moja) inakula megabaiti 8.6 kwa dakika, njia 16 zinafika takriban gigabaiti 8.3 kwa saa. Kila usiku nakala mbili kwenye diski mbili, na moja inalala nyumba nyingine. Kompyuta na kinasa vinakaa kwenye betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika na kurudi ghafla faili iliyo wazi inaharibika.

Mpangilio wa kazi: gitaa, besi, dramu na mwimbaji kwanza, kwa pamoja, bila mlio wa kuhesabu masikioni. Mlio huua jazi ya polepole. Gharama yake inakuja baadaye, nyuzi zinapotakiwa zifuate mwendo unaopumua. Kwa hiyo mistari ya baa imechorwa kwa mkono kwenye programu, baa baada ya baa, na mpangaji wa muziki amejipiga video akiongoza kwa mikono huku anasikiliza rekodi. Wapiga nyuzi wanaitazama video kwenye skrini. Katika mawali hakuna mwendo wa kuchora, kwa hiyo video ndiyo pekee inayowaunganisha.

Nyuzi nane zinarekodiwa mara tatu ili zisikike kama ishirini na nne. Ukifanya hivyo kivivu unapata sauti ya kopo: mkono uleule, ala ileile, kosa lilelile la tyuni, vyote vimebebana. Mara ya pili wapigaji wanabadilishana viti na karatasi, wa fidla ya kwanza anashika ya nne. Mara ya tatu mikrofoni zinasogezwa kutoka mita moja na nusu hadi mita tatu, upinde unapigwa juu ya ubao wa vidole, na hakuna kutetemesha kidole. Ile ya mara ya tatu ukiisikia peke yake ni kavu na baridi. Ikichanganywa chini ya nyingine ndiyo inayoleta unene. Besi hairudiwi kamwe.

Hedifoni zikiwa wazi kupita kiasi, sauti ya mwimbaji huvujia mikrofoni za fidla, na siku akitaka kurudia mshororo mmoja utamsikia wa zamani kama mzuka. Sikio moja tu, lingine liachwe kwa ajili ya jirani.

Februari: kuchanganya

Nyimbo tano zimekamilika kurekodiwa. Mwangwi wa nyuzi hautoki kwenye programu: msana umeondolewa magodoro yote, spika moja inapiga nyuzi kuelekea kona, mikrofoni mbili ziko mwisho wa pili. Chini ya hezi 200 pamekatwa kabla sauti haijaingia kwenye spika, la sivyo ile B ya 62 inarudi. Sauti ya mwimbaji haipitishwi humo. Ina hewa ya zidaka, inatosha.

Klarineti katika "Blue Skies" iko mbele mno na itashushwa desibeli mbili. Kilele cha masta, rekodi ya mwisho, kitakuwa desibeli moja chini ya ukomo, na wimbo hautabanwa ili ushindane kwa kelele na bendi za dansi.

Zilizobaki: nyuzi za nyimbo tatu, zikiwemo zote za "Body and Soul". Karatasi ya selo ya pili katika sehemu yake ya kati inaandikwa upya, kwa sababu inavuka waya mara nyingi mno pale A inapogeuka G. Ramadhani ikiingia kazi inasimama, maana usiku ni wa tarawehe. Baada ya Idi waya mpya za A na E zifungwe siku mbili kabla, kama mwanzo, na turubai lishushwe likaguliwe mishono kabla ya mvua za masika.